Nafasi ya Amparo

"Kule Montevideo, Amparo atachezwa na Lizeth."

Gervasio Etcheverry alilisema hilo huku ameinamia viatu vyake, kama mtu anayetoa taarifa ya maji kukatika. Kisha akawaambia waigizaji wapumzike kidogo.

Hakuna aliyepumzika. Wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wamekaa chini kwenye ukumbi wa Casa Guadual waligeuza shingo upande mmoja, upande aliosimama Yolima Arbeláez. Hata wenzao wa Montevideo, waliokuwa wakishiriki mazoezi kupitia skrini kubwa iliyotundikwa ukutani, waliganda kana kwamba mtandao umekatika. Lizeth mwenyewe, mwanafunzi mwenye kipaji na aibu nyingi, aliweka mkono kifuani akatazama huku na huku kama mtu aliyesingiziwa wizi.

Yolima alipeleka mkono kisogoni. Hapakuwa na kitu. Mwanzoni mwa wiki hiyo alikuwa amekata nywele zake zote, nywele zilizomfika kiunoni, kwa sababu Amparo wa kwenye tamthilia ana nywele fupi kama za mvulana. Alipoingia ukumbini nazo hivyo, Gervasio alisimama akasahau alichotaka kusema, na wanafunzi wakacheka mpaka naye akacheka. Sasa mtu huyohuyo anampa Lizeth nafasi yake bila hata kuinua uso.

Mradi wenyewe ulikuwa wa mikono mitatu. Casa Guadual, nyumba ya sanaa ya mtaani pale Manizales, ilitoa jukwaa na waigizaji wake wazoefu. Chuo kikuu cha mjini kilitoa wanafunzi na mafundi wa taa. Chuo cha Montevideo kilimtuma Gervasio aje kuongoza, na kikaunda kundi jingine la waigizaji hukohuko Uruguay. Tamthilia ilikuwa moja, ikichezwa na miji miwili. Amparo, mama muuza dakika, anakaa kando ya barabara na simu zake zilizofungwa minyororo, na watu wanakuja kumlipa ili waongee na jamaa zao waliohamia kusini. Anayepiga yuko jukwaani, anayepokea yuko kwenye skrini, mbali kabisa. Mwezi wa tisa wangeifungua kwenye tamasha la Manizales, kisha ihamie Montevideo kwa msimu mzima. Katika waigizaji wa Casa Guadual, Amparo peke yake ndiye angesafiri.

Kuhusu mapenzi kati ya Yolima na Gervasio, hakuna aliyekuwa ametamka neno. Wanafunzi walishawaozesha zamani, lakini wenyewe walikuwa bado wanazungukana. Gervasio alikuwa na tabia ya kusimama karibu na ngazi za jukwaa kila Yolima anapomaliza onyesho, mkono ameunyoosha ili amsaidie kushuka, ilhali ngazi zenyewe ni fupi na Yolima amezishuka tangu ana umri wa kwenda shule. Naye Yolima, mwanamke wa miaka thelathini na minne asiyemwogopa mtu, alikuwa ameanza kushuka ngazi zile polepole.

Wakati wa mapumziko yale Yolima alimkuta Gervasio kwenye chumba cha maleba, anajifanya anapanga makoti.

"Profesa."

Alikuwa hamwiti profesa tena tangu walipozoeana. Gervasio akashtuka.

"Yolima, tafadhali…"

"Nimekosea wapi? Sema. Ni sauti? Ni umri? Nimenenepa?"

"Hujakosea popote."

"Basi nimeondolewa kwa sababu naigiza vizuri. Hilo ni jipya, ngoja nikawafundishe watoto wa darasa langu la maigizo."

"Hujaondolewa. Hapa kwenye tamasha, Amparo ni wewe. Ni kule tu."

"Kule tu!" Yolima alicheka kicheko kikavu. "Kule ndiko ulikoniahidi mwenyewe, tukiwa juu mtaani Chipre tunatazama milima, karameli inakudondokea kwenye shati. Ulisema, 'Nataka watu wangu wakuone.' Ulisema watu wangu, Gervasio. Mimi mjinga nikadhani…"

"Ukadhani nini?"

"Nikadhani una watu wa chuoni na watu wa nyumbani, na kwamba siku ile ulikuwa unasema wa nyumbani."

Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati. Gervasio alishika koti la Amparo, lile la buluu lenye mifuko mikubwa, akalikunja, akalikunjua.

"Nilikuwa nasema wa nyumbani," alisema.

"Basi nitazame."

Akamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala. Mkono wake uliinuka kuelekea kwenye nywele zile fupi, ukasita njiani, ukarudi ulikotoka. Yolima aliusikia ule mkono kichwani kana kwamba umemgusa.

"Kamuulize mama yako," Gervasio alisema kwa sauti ya chini. "Zaidi ya hapo nimeapa. Usinilazimishe nivunje kiapo."

"Mama yangu? Mama yangu na tamthilia wapi na wapi? Hata wewe mwenyewe hakupendi. Anakuita bwana wa majani."

"Najua. Ameniita hivyo mbele yangu."

"Na bado unamtii?"

Gervasio akalirudisha koti la Amparo mahali pake. Yolima alichukua mwavuli wa mtu, akatoka bila kuaga.

Ndani ya behewa la kebo, likining'inia juu ya bonde kuelekea nyumbani kwao Villamaría, alipanga maneno yote ambayo angemtupia mama yake. Aliyapanga kama mwigizaji anavyopanga, kwa kupanda na kushuka, na mahali pa kunyamaza. Wiki nzima alikuwa akilala mjini kwa rafiki yake kwa sababu ya mazoezi, kwa hiyo hasira ilikuwa haijapata wa kuipoza. Mama yake alikuwa na sababu zake siku zote. Wageni wa jukwaani ni watu wa kupita, alisema. Wanakula vizuri, wanasifia, wanafunga masanduku. Na yule wa Uruguay ndiye kabisa, anakuja kwenye nchi ya kahawa na chupa yake ya maji ya moto chini ya kwapa, ananyonya chai yao ya majani machungu kwa mrija mbele ya watu wazima.

"Ni wewe?" Doña Edelmira aliuliza kutoka jikoni kabla binti yake hajafika mlangoni. "Nimekujua kwa kishindo. Umekasirika. Kaa, mikate ya arepa inaiva."

Yolima alisimama katikati ya jiko, maji yakimchuruzika. Alivuta pumzi ya kuanza. Mama yake alikuwa anamimina kahawa. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto alikuwa amekiingiza ndani ya ukingo wa kikombe, na kahawa ilipokigusa tu, akaacha kumimina.

"Mama, mbona unatia kidole?"

"Napima joto."

"Utaungua."

"Nimeungua mara nyingi kuliko wewe, na bado nipo." Mama aligeuka, akamtazama moja kwa moja usoni, akatabasamu. "Umelowa. Nasikia viatu vinalia."

Yolima alingoja. Alijua kitakachofuata. Zile nywele Doña Edelmira ndiye aliyezisuka kila asubuhi ya utoto wake, ndiye aliyezipaka mafuta ya parachichi, ndiye aliyewahi kumfukuza kinyozi mtaani kwa sababu tu aliuliza anaziuza bei gani. Alingoja mayowe. Mama yake aliendelea kutabasamu, akasukuma kikombe mezani.

"Mama," Yolima alisema, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine. "Nywele zangu zikoje leo?"

"Nzuri, kama siku zote. Ila zifunge, mwanangu, zitaingia kwenye kahawa."

Maneno yote aliyoyapanga kwenye kebo yalimtoka kichwani. Alivuka jiko, akaushika mkono wa mama yake wenye harufu ya mahindi, akauweka kisogoni pake. Vidole vya Doña Edelmira viligusa shingo tupu. Vikapanda juu, vikakutana na nywele fupi, vikazunguka sikio, vikarudi. Tabasamu likamtoka polepole.

"Zimekwenda wapi?"

"Tangu lini, mama?"

"Nimekuuliza zimekwenda wapi."

"Tangu lini huoni?"

Doña Edelmira alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Arepa moja ilianza kuungua, na Yolima akazima jiko.

"Naona," alisema mama. "Usinizike. Naona dirisha, naona mtu amesimama. Nikikaza macho katikati, naona uso. Pembeni ndiko kulikozimika. Daktari anasema ni presha ya macho, tena ya siku nyingi. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki nitie dawa ya matone, tuone kitakaa muda gani."

"Ulikwenda kwa daktari na nani?"

"Na Rubiela, huyu jirani."

"Rubiela anajua, mimi sijui!"

"Rubiela hana safari ya Montevideo."

Yolima alipiga magoti mbele yake. Alijaribu kukasirika, kwa sababu hasira angeiweza. "Ndiyo maana ukamwendea Gervasio."

"Nilimwendea. Nilimkuta pale Casa Guadual anafagia jukwaa peke yake. Nikamwambia aniachie binti yangu, ili nimtazame wakati bado natazama. Nikamwapisha asikuambie."

"Kwa nini hukuja kwangu?"

"Kwa sababu wewe ungesema nabaki. Ungebaki, ungenipikia, ungenishika mkono barabarani, na kila tamasha likija ungetazama dirishani. Nikaona heri umlaumu yeye. Yeye angekwenda zake, na lawama angeondoka nayo. Mimi ningebaki na wewe."

Alilisema waziwazi, bila kujipamba, na Yolima hakujua alie au acheke.

"Mama, hiyo ni hila mbaya sana."

"Ni mbaya. Nilidhani atabisha. Nilijiandaa kugombana naye, nikavaa na viatu vizuri. Badala yake akakaa kwenye ukingo wa jukwaa akalia. Akaniambia mama yake alifariki nyumbani kwao Paysandú wakati yeye yuko safarini na onyesho, akafika ameshazikwa. Akasema, 'Doña Edelmira, mimi siwezi kumfanyia Yolima hivyo.'" Mama alifuta mikono kwenye aproni, mara mbili, tatu. "Tangu siku ile silali. Nimemtumia vibaya mtu anayekupenda."

"Hajawahi kusema kwamba ananipenda."

"Mwanangu, mimi sioni vizuri, lakini wewe ndiye kipofu."

Mbwa wa jirani akabweka. Kulikuwa na mtu kwenye geti, amesimama tu kwenye mvua, hagongi wala haondoki. Yolima aliinua pazia. Gervasio alikuwa amelowa mpaka ndevu.

"Ni yeye?" mama aliuliza.

"Ni yeye."

"Mfungulie. Akipata homa ya mapafu watasema ni mimi."

Aliingia, akasimama kwenye mkeka akichuruzika maji. Alimtazama Yolima, akamtazama mama, akajua kila kitu kimeshasemwa.

"Sijavunja kiapo, Doña Edelmira."

"Najua. Kaa. Chukua kahawa, na leo unaimaliza."

Gervasio alikaa. Kabla hajagusa kikombe, alianza kuzungumza haraka, kama mtu aliyekuwa akijisomea maneno njia nzima. "Nimewaza. Nitaongea na chuo. Msimu wa Montevideo ataongoza mwenzangu. Mimi nitaomba kubaki hapa mwaka mwingine, mradi una kipengele cha kufundisha, na kama hakuna nitafundisha bure…"

"Basi!" Yolima alipiga meza. "Basi, nyote wawili. Yeye amenipangia nibaki. Wewe umenipangia nisiende. Sasa unajipangia kubaki. Mimi niko wapi hapo? Mimi ni kiti, mnanihamisha toka ukutani kwenda dirishani?"

Gervasio alikuwa amekunja mabega. Doña Edelmira naye alikunja yake, na kwa mara ya kwanza wale wawili walifanana.

"Nisamehe," Gervasio alisema. "Nilitakiwa kuja kwako siku ileile. Niliona kaburi la mama yangu, nikaacha kukuona wewe."

"Kesho utasimama mbele ya kundi, na mbele ya wale wa kwenye skrini, useme Amparo ni wangu."

"Nitasema."

"Na Lizeth asiaibike. Hakuomba. Mpe maonyesho mawili ya hapa kwenye tamasha, ayacheze yeye. Anastahili."

"Nitampa."

"Mama." Yolima aligeuka. Sauti ililegea. "Nataka kwenda. Nataka kusimama kule. Na sitaki kukuacha. Vyote viwili ni kweli, sijui nivifanyeje."

Doña Edelmira alikisugua kile kidole chake cha kupimia kahawa.

"Kule kwenu," alimgeukia Gervasio, "kuna nini cha kutazama?"

"Cha kutazama?" Gervasio alishangaa. "Kuna… kuna mto. Mpana sana. Barabara inaufuata mji mzima, watu wanakaa ukutani jioni wanautazama. Huoni ng'ambo."

"Mto usio na ng'ambo ni bahari."

"Hata sisi tunabishana."

"Mimi sijawahi kuona bahari. Marehemu baba yake huyu aliniahidi Cartagena tulipooana. Mara mavuno ya kahawa, mara mtoto, mara paa linavuja. Ameondoka nayo ahadi yake." Alinyoosha mgongo. "Nani aliwaambia kwamba mimi nataka kuachwa? Nani aliniuliza?"

Yolima na Gervasio wakatazamana.

"Mama, unasema…"

"Nasema macho yangu kama ni ya kwisha, yasiishie kwenye ukuta wa jiko hili. Nataka kuuona huo mto wenu. Nataka kukaa kiti cha mbele, katikati, panapoonekana, nimwone binti yangu akiigiza chini ya taa. Matone yanabebeka. Nitalala popote."

"Utalala chumba changu," Gervasio alisema upesi. "Chuo kina nyumba ya wageni kwa ajili ya Yolima, lakini kwangu kuna chumba chenye dirisha la mtoni. Mimi nitalala sebuleni."

"Subiri kwanza." Doña Edelmira aliinua mkono. "Mimi siingii nyumba ya mtu kabla sijajua naingia kama nani. Binti yangu unamtaka kwa ajili ya jukwaa au kwa ajili ya nyumba?"

"Mama!"

"Nyamaza, naongea na mgeni."

Gervasio alisimama. Huyu alikuwa mtu aliyezoea kuwaambia wengine wasimame wapi na waseme nini. Sasa mikono yake haikujua pa kwenda. Hakumwangalia mama. Alimwangalia Yolima, yule aliyelowa, asiye na nywele, mwenye unga wa mahindi shavuni.

"Kwa vyote," alisema. "Kama hatataka tena kupanda jukwaani, namtaka. Kama atataka kuzunguka dunia na tamthilia za watu wengine, nitamngojea kwenye ngazi. Nimeongoza maneno ya mapenzi mengi sana, na hata moja halinisaidii hapa. Nakupenda, Yolima. Nilitakiwa kuanza na hilo, halafu mengine yafuate."

Yolima alikuwa amelia jukwaani mara nyingi, na alijua namna ya kuyaita machozi na namna ya kuyazuia. Haya hayakuuliza.

"Umechelewa," alisema.

"Najua."

"Umechelewa sana, na umelowa, na bado nimekukasirikia mpaka kesho."

"Mpaka kesho," Gervasio aliitikia kwa unyenyekevu, na kwenye pembe ya mdomo wake kulikuwa na kitu kilichoanza kuchangamka.

Doña Edelmira aliinuka. Alijitanda shali mabegani, akagusa meza, akagusa ukuta, akafika mlangoni. Mvua ilikuwa imekwisha na bonde lilikuwa limeanza kufunguka.

"Mama, unakwenda wapi? Ngoja nikushike mkono."

"Kwa Rubiela, kumwambia naenda kuona bahari. Kuta za hapa nazijua zote, niache." Alisita kizingitini bila kugeuka. "Nitakaa kidogo. Na nikirudi nitakuwa naimba, ili mnisikie kutoka mbali."

Mlango ukafungwa. Walisimama pande mbili za meza, kahawa ikipoa kati yao. Safari hii mkono wa Gervasio ulipoinuka haukusita njiani. Ulifika kwenye nywele, ukazipapasa taratibu kama mtu anayejifunza kusoma upya. Yolima alifumba macho. Alisikia harufu ya mvua kwenye koti lake, na ya majani yake yale machungu, na hakuona ubaya wake tena.

"Bado umekasirika?" Gervasio alimnong'oneza.

"Sana," Yolima alisema, akamvuta kwa kola.

Walipoachana kutafuta pumzi, walisikia sauti kutoka mbali, chini kwenye kichochoro. Doña Edelmira alikuwa ameshaanza kurudi. Aliimba kwa nguvu zote, akitembea polepole makusudi, na kila alipofika karibu na geti alisimama, akarudi nyuma kidogo, akaurudia wimbo tangu mwanzo.